Baden-Powell, Mpangaji wa Michezo ya Kambini



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki, ambaye maisha yake yana fundisho kwa shule yetu. Nimemchagua Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Wengi wenu mnamjua kwa jina na kwa picha ya ile kofia yake pana. Wengine, kama mimi, tulivaa skafu yake shingoni tangu kidato cha kwanza, tukaapa kiapo chake bila kumjua sana mwenyewe. Leo sitaeleza kila jambo alilolifanya. Nataka kumtazama kwa upande mmoja ambao hausemwi sana, yaani jinsi alivyokuwa akipanga michezo ya vijana kambini.

Sababu yangu ni hii. Chama chetu cha wanafunzi wa zamani kimekubali kuwafanyia vijana wa kidato cha kwanza hadi cha tatu kambi ya likizo mwezi wa Agosti, hapa hapa kwenye viwanja vya shule na ule msitu wa mtoni. Fedha zimeanza kuchangwa. Jambo ambalo bado halijaafikiwa ni michezo: iwe michezo gani, na aipange nani. Wako wanaotaka kikombe na jezi. Wako wanaosema michezo ni kupoteza wakati, afadhali vijana wafundishwe hesabu. Kabla ya kuamua, ni vizuri tujue aliyefanya kazi hiyo kabla yetu aliifanyaje, wapi alifaulu, na wapi alipungukiwa.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, Mchungaji Baden Powell, alikuwa profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye akafa mwaka 1860, Robert akiwa mtoto wa miaka mitatu tu. Mama yao, Henrietta, akabaki na nyumba iliyojaa watoto, akawalea kwa nguvu zake. Kaka yao mkubwa, Warington, alikuwa baharia. Siku za likizo aliwachukua wadogo zake baharini katika mashua, na huko hapakuwa na mtu wa kukaa akitazama. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na kazi zisizopendwa ziliwaangukia wadogo. Mtoto aliyezembea, mashua ilimjua. Nafikiri mambo mengi tutakayoyaona baadaye yalianzia pale.

Mwaka 1870 aliingia shule ya Charterhouse, ambayo mwaka 1872 ilihama kutoka katikati ya London kwenda Godalming, mashambani. Hakuwa kinara wa darasa. Alipenda kuigiza michezo ya jukwaani, na uwanjani alikuwa golikipa. Lakini karibu na shule mpya kulikuwa na kichaka ambacho wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia. Robert akawa anajipenyeza humo peke yake, akinyatia wanyama, akitega sungura, na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Vijana, msinielewe vibaya. Sisemi mkaingie mahali palipokatazwa. Nasema tu kwamba mtu huyu alijifunza kutambaa, kunyamaza, kuwasha moto na kusoma nyayo kwa sababu ulikuwa mchezo, tena mchezo wenye hatari kidogo ndani yake.

Alijaribu kuingia Oxford akashindwa. Mwaka 1876 akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, akapelekwa India kama afisa kijana wa kikosi cha wapanda farasi, 13th Hussars. Huko akaonyesha kipaji chake cha kufundisha upelelezi. Miaka ya baadaye, alipokuwa kamanda wa kikosi cha 5th Dragoon Guards kuanzia 1897, aliwafunza askari kwa vikundi vidogo vidogo, akiwapa mashindano na kuwaachia watumie akili zao. Mafundisho hayo akayaandika katika kitabu kidogo cha askari, Aids to Scouting, kilichotoka mwaka 1899.

Sasa inanipasa niseme jambo ambalo magazeti ya shule zamani yalilipita kimya. Sehemu kubwa ya ujuzi wake wa porini Baden-Powell aliipata katika vita vya kuwatiisha Waafrika. Mwaka 1896 alikuwa Matabeleland, nchi ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe, wakati wenyeji walipoinuka kupinga utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes. Katika milima ya Matobo alijifunza kwa Mmarekani mmoja, Frederick Russell Burnham, na pia kwa Mwafrika aliyeitwa Jan Grootboom, mpelelezi hodari ambaye Baden-Powell mwenyewe alimsifu sana. Lakini katika vita hivyo hivyo aliamuru chifu mmoja aliyetekwa, Uwini, ashitakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, naye akapigwa risasi. Uchunguzi ukafanywa juu ya jambo hilo, na Baden-Powell akaondolewa lawama na maafisa wenzake. Sisi wajukuu wa watu waliopigwa vita vya namna hiyo hatulazimiki kuridhika na hukumu ile. Kule Matobo kunyatia haukuwa mchezo.

Mwaka 1899 vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza Afrika ya Kusini, yeye ndiye aliyeulinda mji mdogo wa Mafeking. Mji ulizingirwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Alipookoka, Uingereza nzima ilishangilia, naye akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Wanahistoria wamebishana sana baadaye juu ya jinsi chakula kilivyogawanywa mjini, maana Waafrika ndio walioteseka zaidi kwa njaa. Kwa habari yetu, jambo la kukumbukwa ni wavulana wa mji. Walikusanywa katika kikosi cha makadeti, wakapewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, wengine kwa baiskeli, huku mizinga ikilia. Baden-Powell aliona kwamba mvulana akipewa kazi ya kweli na kuaminiwa, hukua kwa wiki moja kuliko alivyokua kwa mwaka.

Aliporudi kwao alikuta kile kitabu chake cha askari kinasomwa na walimu na watoto. Mwaka 1904 akahudhuria gwaride la Boys' Brigade mjini Glasgow, chama kilichoanzishwa na William Smith, naye Smith akamshauri akiandike upya kitabu kile kwa ajili ya wavulana. Baden-Powell hakukimbilia kuandika tu. Kwanza alitaka kujaribu, na ndipo ikaja kambi ya Brownsea.

Brownsea ni kisiwa kidogo katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Katika siku nane za kwanza za Agosti 1907 aliwachukua huko wavulana 20 hivi. Nusu yao walitoka katika shule za watoto wa wakubwa, kama Eton na Harrow. Nusu nyingine walikuwa vijana wa kawaida wa miji ya Bournemouth na Poole, wanachama wa Boys' Brigade. Ada haikuwa moja. Wa shule kubwa walilipa pauni moja, na wa mjini walilipa shilingi tatu na nusu. Katika Uingereza ya siku zile watoto hao wasingekutana hata kanisani. Yeye akawalaza hema moja.

Akawagawa katika makundi manne, nayo ni Sululu, Kunguru, Mbwa Mwitu na Mafahali. Kila kundi lilikuwa na utepe wa rangi yake begani, na mvulana mmoja kiongozi. Kiongozi huyo alibeba dhamana kamili ya wenzake mchana na usiku. Mtu mzima hakumpita kiongozi kwenda kumwamuru mtoto wa kundi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kundi la watoto watano au sita ni dogo la kutosha kila mmoja aonekane akikosekana.

Ratiba yake ilikuwa hivi. Asubuhi saa kumi na mbili lilipigwa baragumu la pembe ya tandala, aliyotoka nayo Matabeleland. Kila siku ilikuwa na somo lake: siku ya ufundi wa kambi, siku ya kutumia macho, siku ya kuwajua wanyama na miti, siku ya uungwana, siku ya kuokoa maisha, na kadhalika, hadi siku ya mwisho ambayo ilikuwa ya mashindano. Somo la kesho lilielezwa usiku wa leo kando ya moto, kwa hadithi. Asubuhi vijana walionyeshwa jinsi linavyofanywa, wakajizoeza. Jioni likageuzwa kuwa mchezo. Baada ya chakula cha mchana kila mtu alilazimika kulala au kunyamaza muda wa saa moja na nusu. Wapangaji wengi wa kambi husahau jambo hilo la mwisho, halafu siku ya tatu hushangaa kwa nini vijana wanagombana.

Kila usiku kundi moja lilipewa unga, nyama na viazi, likatumwa kwenda kulala mbali na kambi. Watoto walikwenda na blanketi, koti, chungu na kiberiti tu. Wakajipikia, wakaweka zamu. Naye Baden-Powell, luteni jenerali mwenye miaka 50, pamoja na viongozi wa makundi mengine, walitambaa gizani kujaribu kuwavamia bila kuonekana. Mtoto wa zamu alijua kwamba mzee yuko gizani mahali fulani. Usingizi utatoka wapi?

Nitaeleza michezo yake minne, ili vijana waijaribu wenyewe.

Wa kwanza ni mchezo wa Kim, aliouita kwa jina la mvulana katika kitabu cha Rudyard Kipling cha mwaka 1901. Weka vitu vidogo kama 24 juu ya sinia: kifungo, sindano, msumari, punje ya kahawa, ufunguo. Funika kwa kitambaa. Funua kwa dakika moja, kisha funika tena. Kila mmoja aandike alivyovikumbuka. Hauna gharama, na mtoto mfupi wa mwisho kwenye mstari anaweza kumshinda nahodha wa mpira.

Wa pili ni kumnyatia paa. Mwalimu ndiye paa. Hajifichi, husimama mahali peupe, akisogea kidogo akitaka. Vijana huanza mbali, wakitambaa nyuma ya majani na mashina. Akimwona mmoja, humwita asimame, na huyo amekwisha shindwa. Muda ukiisha wote husimama pale walipofika, na aliye karibu zaidi ndiye mshindi.

Wa tatu ni kumwinda simba. Kijana mmoja, ndiye simba, hutangulia nusu saa porini akiwa na mipira sita ya matambara na mfuko wa punje za mahindi. Mahali ambapo ardhi ni ngumu na haiachi nyayo, lazima adondoshe punje kila baada ya hatua chache. Kundi humfuata, kila mwindaji na mpira mmoja tu. Wakilikaribia pango lake, simba huwatupia mipira, na atakayepigwa amekufa. Simba naye hafi mpaka apigwe mara tatu. Kila mpira hutupwa mara moja. Mtaona kwamba wawindaji wakimkimbilia ovyo, simba atawamaliza mmoja mmoja. Lazima washauriane kwanza.

Wa nne ulichezwa baharini. Gogo lilichongwa kichwa na mkia likawa nyangumi, likaachwa majini katikati ya bandari mbili. Makundi mawili yakatoka kwa mashua, kila moja kutoka bandari yake: kiongozi ni nahodha, wa mbele ameshika chusa, wengine wanapiga makasia. Anayefika kwanza hulichoma gogo na kulivuta kwake. Wa pili akiwahi kulichoma naye, hapo huvutana mpaka mmoja amburure mwenzake pamoja na nyangumi. Mto wetu ni mdogo kwa mchezo huu, lakini gogo na kamba vitafaa hata uwanjani.

Tazameni sasa michezo hii inafanana kwa nini. Hakuna hata mmoja wenye watazamaji. Baden-Powell alichukia kuona maelfu ya vijana wamesimama kando ya uwanja, sigara mdomoni, wakiwatazama watu 22 wakicheza. Aliupenda mpira, lakini kuucheza. Tena kila mchezo ulikuwa na kisa ndani yake, maana kijana wa miaka 14 hatatambaa matopeni kwa ajili ya alama, bali atatambaa kwa sababu yeye ni mwindaji. Na kila mchezo ulificha somo ambalo mtoto alilijua baada ya kulipata.

Yaliyofuata mnayajua. Januari 1908 kitabu chake, Scouting for Boys, kilianza kutoka kwa sehemu sita, kila wiki mbili sehemu moja, kwa peni nne. Watoto hawakungoja ruhusa ya mtu. Walijigawa makundi wenyewe, wakachagua viongozi, wakatafuta mtu mzima baadaye. Septemba 1909 walikutana Crystal Palace, London, zaidi ya 10,000, na wasichana wakajitokeza wakidai nao wapewe nafasi. Mwaka 1910 kikaanzishwa chama cha wasichana, akisaidiwa na dada yake Agnes, na mwaka huo huo yeye akaacha jeshi. Mwaka 1910 vilevile uskauti ukafika Kenya. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, wakapata watoto watatu. Mwaka 1919 ilifunguliwa Gilwell Park ya kuwafunza viongozi watu wazima, na mwaka 1920, katika mkutano wa kwanza wa dunia pale Olympia, London, vijana wa mataifa mengi wakamtangaza kuwa Chifu Skauti wa Dunia.

Lakini kuna mahali ambapo mchezo wake uligonga mwamba. Sheria ya maskauti ilisema kila skauti ni ndugu wa skauti mwenzake, bila kujali tabaka lake. Kule Brownsea jambo hilo lilijaribiwa, ijapokuwa hata huko viongozi wote wanne walitoka katika shule za wakubwa. Afrika ya Kusini halikujaribiwa. Vijana Waafrika walitaka kuwa maskauti, wakakataliwa, wakawekwa katika chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Hata mwaka 1936, Baden-Powell alipokwenda huko na mapatano yakafanywa, walikubaliwa kwa tawi lao peke yao, Weupe kwao na Weusi kwao. Mtu aliyeweza kuwalaza hema moja mtoto wa lodi na mtoto wa fundi, hakuweza, au hakuthubutu, kuwalaza hema moja mtoto Mweupe na mtoto Mweusi. Naye kufuata nyayo alijifunza kwa watu kama Jan Grootboom.

Nasema haya si kwa kumchafua marehemu. Nasema kwa sababu ndiyo kipimo cha kazi yenyewe. Mchezo wa kundi ukipangwa vizuri, hukusanya watu ambao maisha yamewatenganisha. Basi mpangaji akianza kwa kuwatenganisha, amekwisha kuua mchezo kabla filimbi haijapigwa.

Miaka yake ya mwisho aliimalizia karibu na sisi. Mwaka 1935 alizuru Nyeri, akaipenda, na mwaka 1938 yeye na Olave wakahamia huko, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Nyumba waliiita Paxtu, kwa kuwa ile ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na hii ilikuwa Pax ya pili. Pale alichora wanyama na kuandika mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941, ikiwa imebaki wiki chache atimize miaka 84. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri, mlima Kenya ukionekana, na majivu ya mkewe, aliyefariki 1977, yakaletwa kuzikwa naye.

Nimepata kulizuru kaburi hilo. Juu ya jiwe kumechongwa duara lenye nukta katikati. Mgeni asiyekuwa skauti hupita asielewe. Ni ile ile alama ambayo watoto huichora mavumbini mwisho wa mchezo wa kufuata nyayo, kuwaarifu wanaokuja nyuma kwamba aliyetangulia amekwisha kwenda nyumbani.

Sasa nirudi kwenye kambi yetu ya Agosti. Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama kambi moja ya vijana katika wilaya nyingine. Vijana walikuwa zaidi ya 100. Mpira ulikuwa mmoja na filimbi ilikuwa ya mwalimu. Waliojua mpira walicheza siku zote nne, na wasiojua walikaa chini ya miti, kila mtu na simu yake. Siku ya tatu jioni vijana kadhaa waliomba kurudi kwao, na nilipowauliza nikagundua kwamba wote ni wa shule za kutwa. Kwa siku tatu hakuna aliyewajua hata kwa majina. Waandalizi walikuwa watu wema, na fedha hazikupungua. Kilichopungua ni mpango.

Kwa hiyo napendekeza mbele ya kamati na mbele yenu nyote.

Kwanza, tusinunue kikombe. Fedha hizo zitumike kupunguza ada, nayo iwe ya namna mbili kama Brownsea, mwenye uwezo alipe zaidi, na asijulikane nani kalipa nini isipokuwa mweka hazina.

Pili, makundi yawe ya vijana sita, na kila kundi liwe na wa bweni watatu na wa kutwa watatu, wa vidato vyote. Yasipangwe kwa mabweni, wala kwa timu za mpira, wala kwa watu wa mahali pamoja.

Tatu, uongozi wa kundi uzunguke. Hapo tumsahihishe mzee. Tukiwaacha viranja pekee waongoze, tutakuwa tumefanya kama yeye alivyowapa uongozi watoto wa shule kubwa. Kijana wa kutwa naye aongoze siku yake, na wa bweni amtii.

Nne, michezo waipange vijana wenyewe. Sisi wazee tutoe somo la siku, tuonyeshe asubuhi, kisha tukae kando. Kazi zetu ziwe tatu tu: usalama wa mtoni na wa moto, kuwa mwamuzi, na kuwa yule paa wa kunyatiwa. Najua wengi wetu tuna vitambi na magoti yanalia, lakini kusimama mahali peupe mtu asubiri kunyatiwa, hilo hata mimi naliweza.

Tano, hesabu ziendelee kuheshimiwa darasani katika siku zake. Siku nane za Agosti hazitamfelisha mtoto. Kijana aliyekwisha ongoza wenzake watano usiku kucha msituni, akawarudisha wote asubuhi wakiwa wamekula, ana kitu ambacho mwajiri atakiona hata kama hakimo kwenye cheti. Samaki mkunje angali mbichi.

Ninyi vijana, msingoje kambi. Sinia lipo jikoni, na vitu 24 havikosekani bwenini. Anzeni Jumamosi hii, na mumwite mmoja ambaye hamjawahi kucheza naye.

Nanyi wenzangu, mweka hazina anapokea michango siku ya kukutana kwetu. Anayeweza kuleta fedha na alete. Asiye na fedha, alete kamba, hema, blanketi, au alete mwili wake siku nane. Walinzi wa kuwavamia vijana usiku bado hawatoshi.

Wasalaam,
Mwanafunzi wenu wa zamani